Daftari la Mkazi na Ndege wa Uluguru

Kipwe wa Uluguru, ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano, hapatikani popote duniani ila katika misitu ya milima inayoikabili Bigwa. Akitoweka hapa, ametoweka kabisa. Hukaa vileleni mwa miti na husikika kuliko kuonekana; mtafiti apandaye kwa siku chache aweza kumkosa. Mkazi apitaye kando ya msitu kila juma, mwenye daftari, huandika tarehe, saa, mahali, idadi na alichosikia. Siku asiyosikia chochote nayo huandikwa, kwani ukimya wa miezi mingi ni taarifa. Atlasi ya Ndege Tanzania hukusanya kumbukumbu za namna hiyo kutoka kwa wanaojitolea. Kuingia ndani ya hifadhi kwahitaji kibali.