Mwili Unapojishambulia: Tuufahamu Ugonjwa wa Lupasi

Mara nyingine wodini tunampokea dada mwenye homa za mara kwa mara, maumivu ya viungo na nywele zinazokatika. Ametibiwa malaria bila nafuu, majirani wamesema amerogwa, na sasa miguu imevimba kwa kuwa figo zimeharibika. Ugonjwa mmojawapo unaoleta hali hiyo ni lupasi. Hauambukizi, wala si uchawi.

CHANZO CHAKE
Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli hujisafisha, kama mkulima wa Mgeta anayetupa maganda na majani shimoni yakawa mboji. Ndani yake mna vifuko vya asidi vinavyomeng'enya sehemu zilizochakaa ili zitumike tena. Mwaka 1963 Mbelgiji Christian de Duve aliiita kazi hiyo otofaji, yaani kujila. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kugundua jinsi inavyofanyika.

Usafi huo ukiharibika, taka za seli zilizokufa hubaki. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huzidhania adui, nao hushambulia ngozi, viungo na figo. Urithi, homoni na jua kali pia huchangia. Wagonjwa wengi ni wanawake wenye umri wa kuzaa.

DALILI
• Uchovu, homa na maumivu ya viungo yasiyoisha.
• Upele puani na mashavuni, mfano wa kipepeo. Kwa ngozi nyeusi huweza kuonekana kama weusi tu.
• Vidonda mdomoni.
• Mkojo wenye povu, uso au miguu kuvimba.

MATIBABU
Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, chungu na yenye kuwasha mwili. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ndiyo dawa kuu ya lupasi. Askari wa mwili hutumia vifuko vile vile vya asidi kuandaa vipande vya adui na kuwaonyesha wenzao. Dawa hupunguza ukali wa asidi hiyo, na vita hutulia.

TUZINGATIE
1. Homa isiyosikia dawa ya malaria ipimwe tena. Kipimo cha mkojo huonyesha mapema kama figo zimeguswa. Safari ya kutoka Matombo hadi Morogoro mjini ni ndefu, lakini figo ikifa hairudi.
2. Mgonjwa asiache dawa akipata nafuu au mimba kabla ya kumwona daktari.
3. Apimwe macho kama atakavyoelekezwa, kwani dawa ikitumika miaka mingi huweza kuyadhuru.
4. Ajikinge na jua kwa kofia na mikono mirefu.
5. Dawa ifungiwe mbali na watoto. Vidonge vichache huweza kuua mtoto.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Kwa nini mwili hujishambulia?
2. Ni dalili zipi zinaonyesha figo zimeguswa?
3. Tutamsaidiaje jirani anayedhaniwa amerogwa?