SOMO LA WANACHAMA: UTHABITI WA CHOMBO HUPIMWA, HAUKISIWI



Vyama vya wavuvi na vya usafirishaji hufikia wakati wa kununua boti. Kamati huuliza bei, nguvu za injini na ulaji wa mafuta. Ni mara chache kuulizwa swali lililo kubwa kuliko yote: chombo hiki kikiinama, kitarudi wima? Uwezo huo wa kurudi wima ndio uitwao uthabiti, na jicho peke yake haliuoni. Somo hili laeleza jinsi wajenzi wa merikebu walivyojifunza kuupima, na wajibu wetu katika jambo hilo.

KANUNI YENYEWE

Chombo kinachoelea kimo kati ya nguvu mbili: uzito wake hukivuta chini, na maji hukiinua juu. Kikiinama, nguvu ya maji huhamia upande unaozama na kukirudisha. Lakini uzito ukiwa juu mno, nao huelemea upande ule ule, hata ukaipita nguvu ya maji. Hapo chombo hupinduka. Ndiyo maana manahodha wa majahazi huweka farumi ngamani. Mwaka 1746 Mfaransa Pierre Bouguer alichapisha kitabu kilichoonyesha kwa hesabu kikomo ambacho kitovu cha uzito wa merikebu hakipaswi kukipita.

Jaribio lake ni rahisi kueleweka. Chombo kikiwa katika maji matulivu, uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Timazi iliyoning'inizwa ndani huonyesha kiasi kilichoinama. Kwa vipimo hivyo fundi hukokotoa mahali kilipo kitovu cha uzito.

MAJARIBIO YASIYOTIIWA

Mwaka 1628, huko Stockholm, merikebu ya kivita Vasa ilijaribiwa ikiwa bado imefungwa gatini. Mabaharia 30 waliamriwa kukimbia pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa. Hata hivyo mfalme alikuwa akiihimiza, na merikebu ikaondoka. Tarehe 10 Agosti ilipinduka na kuzama baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi. Baraza la uchunguzi lilikaa, wala hakupatikana mtu wa kuwajibishwa.

Mwaka 1870 Uingereza ilipata msiba mkubwa zaidi. Merikebu ya kivita Captain ilikuwa imejengwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, hata sitaha yake ikawa mita 2 tu juu ya maji, nayo ilibeba milingoti mirefu na matanga mazito. Jaribio la uthabiti lilifanywa mwezi wa Julai, lakini hesabu zake hazikuizuia merikebu kusafiri. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba, karibu na pwani ya Hispania, upepo mkali uliipindua, na watu wapatao 480 wakafa. Merikebu nyingine, Monarch, ambayo sitaha yake ilikuwa juu ya maji mara mbili zaidi, ilikuwa katika msafara huo huo na dhoruba hiyo hiyo, nayo ilisalimika.

KUJARIBU KWA KIDOGO KABLA YA KIKUBWA

Katika miaka hiyo mhandisi William Froude aliionyesha njia bora. Mwaka 1872, huko Torquay, alianza kufanya majaribio katika birika refu la maji, lenye urefu wa mita 85 hivi, ambamo aliburura vielelezo vya merikebu vilivyotengenezwa kwa nta. Aligundua kanuni ya mwendo: kielelezo kilicho kifupi mara 16 kuliko merikebu huvutwa kwa robo ya mwendo wake, ndipo mawimbi yake yalingane na yale ya merikebu yenyewe. Alichunguza pia jinsi merikebu zinavyoyumba baharini. Kosa likionekana katika nta, hurekebishwa kwa kisu. Likionekana baharini, hulipwa kwa maisha.

YANAYOTUPASA SISI

Jaribio, hata liwe bora namna gani, hubatilika likidharauliwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Basi kila Kamati izingatie haya:

1. Chama kisimalize kulipia chombo kabla ya kupokea cheti cha jaribio la uthabiti. Nakala yake iwekwe katika faili la Chama.

2. Idadi ya watu na uzito wa shehena vinavyoruhusiwa viandikwe kwa rangi mahali ambapo kila apandaye ataviona.

3. Chombo kikiongezwa paa, tanki au injini nzito zaidi, kijaribiwe upya. Cheti cha zamani ni cha chombo cha zamani.

4. Mzigo mzito ukae ngamani, nao ufungwe usihame.

5. Nahodha apewe kwa maandishi haki ya kukataa mzigo au abiria waliozidi, hata kama anayemwamuru ni Mwenyekiti wa Chama. Haki hiyo isomwe mbele ya Mkutano Mkuu na kuingizwa katika kumbukumbu.

Kipengele cha tano ndicho kigumu, kwani abiria waliozidi huonekana kuwa mapato yaliyozidi. Wanachama wakumbuke kuwa faida ya safari moja haiwezi kufidia chombo, wala mkopo uliokinunua, sembuse roho za watu.

MASWALI YA KUJADILIWA MKUTANONI

(a) Cheti cha uthabiti cha chombo chetu kiko wapi, nacho ni cha mwaka gani?

(b) Ni mabadiliko gani yamefanywa katika chombo tangu cheti kilipotolewa?

(c) Je, nahodha wetu amewahi kukataa mzigo? Chama kilimtendeaje?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika