Kununua na Kutengeneza Chombo cha Zamani: Maji Yavujayo na Sitaha Iliyooza

Mnunuzi afikaye pwani ya Wambaa kutafuta mashua iliyokwisha kutumika huinama kwanza chini, akachungulia mkuku na maungio ya mbao. Hakosei, lakini ubovu wenye gharama kubwa aghalabu huwa juu, katika sitaha ya omo na ya tezi, nao mara nyingi umefunikwa kwa rangi mpya.

Uozo wa mbao huletwa na kuvu, na kuvu hustawi penye maji baridi, chumvi huizuia. Mbao zilizozama baharini huweza kuliwa na wadudu watoboao, ila haziozi upesi. Ubao wa sitaha unaonyeshewa na masika na kukosa upepo chini yake huoza kwa ndani, ungali unang'aa kwa nje. Mabaharia wa zamani waliimwagia sitaha maji ya bahari, desturi inayofaa hata leo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, teka maji yaliyomo ngamani, yaonje kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Yakiwa ya chumvi, chombo kinavuja chini. Yakiwa baridi, ni mvua iliyopenya sitahani, na hapo ndipo pa kutafuta uozo.

Omba ruhusa ya kuchoma mbao kwa ncha ya kisu: kandokando ya misumari, pale mlingoti unapopita, na pale sitaha inapokutana na ubavu. Ubao mzima hukataa kisu, na ukigongwa hutoa mlio mkavu. Uliooza humeza ncha, na mlio wake ni mzito. Muuzaji akikataa kisu chako, umekwisha kujibiwa. Cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ni cha lazima kukiuliza, lakini hakielezi mvua iliyonyesha baada ya siku ya ukaguzi.

Usikihukumu haraka chombo kilichokaa mchangani muda mrefu. Mbao zake zimekauka na kusinyaa, hivyo kitavuja siku za mwanzo. Kiache kinywe maji siku 2 au 3. Fundi anayeshindilia kalafati nyingi katika mbao kavu hukuletea hasara, kwa kuwa mbao zikifura hukosa nafasi, zikasukumana na kulegeza misumari.

Sitaha iliyooza haitibiwi kwa saruji wala lami. Vyote viwili hufungia unyevu ndani. Ubao ukatwe hadi penye mti mzima, na shubiri moja zaidi, na boriti iliyo chini yake ichomwe kisu vilevile. Mbao mpya ziwe zimekauka, misumari iwe imepakwa zinki, na viungo vya mbao mbili zilizopakana visiangukie boriti moja. Ndipo maungio yakalafatiwe kwa pamba iliyolowekwa mafuta.

Mapatano na fundi yaandikwe mbele ya shahidi: aina ya mbao, nani ananunua pamba na misumari, na kwamba rangi haipakwi kabla hujaiona kazi. Mwambie akuwekee mbao alizozitoa. Anayekwenda dago Misali na wenzake hana fundi wa kumwita usiku. Basi sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka chombo kilale majini usiku 3, na ngama iangaliwe asubuhi ya nne.