SOMO: Sanduku la Breka Nyumbani na Matumizi Yake ya Salama

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya za umeme zimezidi kupenya vijijini, na leo nyumba nyingi za wanachama wa Mwika, hata zilizo ndani kabisa ya vihamba, zina meinswichi ukutani. Aghalabu ya mwaka nyumba hizo huwa na wazee wawili, taa chache na redio moja. Ifikapo wiki ya Krismasi, watoto na wajukuu hurejea kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na umeme uliotosha miezi kumi na mmoja huanza kukatika kila jioni. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Yafaa ieleweke kwanza kazi ya breka. Breka huulinda waya uliofichwa ukutani usipate joto kupita kiasi. Kwa sababu hiyo hupimwa kwa kuutazama waya, wala si kwa kutazama mahitaji ya jikoni. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, na breka ya ampea 6 au 10. Soketi hutumia waya wa milimita za mraba 2.5, na breka ya ampea 16 au 20. Waya huo wa 2.5, ukiwa ndani ya bomba ukutani, huweza kuchukua takriban ampea 20 hadi 24 kwa usalama, kwa kutegemea ulivyolazwa.

Hesabu yake si ngumu: wati hugawanywa kwa volti 230. Jagi la umeme la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na jiko la sahani moja la wati 1,500 vikiwashwa pamoja ni wati 4,700, yaani zaidi kidogo ya ampea 20. Breka ya 16 itavumilia kitambo, kisha itakata. Haikuharibika; imetimiza wajibu wake.

Lakini mwenye nyumba, wageni wakiwa sebuleni, huona kuwa breka ni mbovu. Huitwa fundi wa kubahatisha, naye hung'oa breka ya 16 na kuweka ya 40. Umeme haukatiki tena, na fundi husifiwa. Siku mbili baadaye kijana wa nyumba hufunga hita ya kuogea ya wati 5,500 na kuiunga kwenye waya ule ule wa soketi. Hita peke yake huvuta ampea 24. Likiwashwa na jagi, jumla hufikia karibu 33. Breka ya 40 haina sababu ya kukata. Waya wa 2.5 huchemka ukutani asubuhi na jioni, plastiki yake hulainika, kisha hukauka na kupasuka, na juu yake kuna dari ya mbao. Moto wa namna hii waweza kuanza usiku, watu wote wakiwa wamelala. Hita ilipasa ipewe waya wake yenyewe kutoka kwenye sanduku, wa milimita za mraba 6, pamoja na breka yake ya ampea 32.

Hatari ya pili ni skrubu zilizolegea. Waya usiobanwa sawasawa hutoa joto pale unapoungwa, na breka haitambui lolote, kwa kuwa umeme unaopita ni wa kiasi cha kawaida. Dalili zake ni harufu ya plastiki inayoungua, taa kufifia na kurudi, au weusi kwenye mfuniko. Kadhalika matundu yaliyoachwa wazi katika sanduku huwakaribisha mijusi na sisimizi, nao huleta shoti.

Sasa habari ya ethi, ambayo wengi huiona kuwa ni gharama ya bure. Nyumba inayotegemea fimbo yake ya ethi, yenye ukinzani wa omu 100, pasi ikivuja itapeleka ardhini ampea 2.3 tu. Breka ya 16 haitajua, na bati la pasi litabaki na umeme wa kuua. Anayeokoa maisha hapa ni breka maalumu ya mvujo, ile yenye kitufe kilichoandikwa T, ambayo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde zinapopotea njia ampea 0.03. Kitufe hicho kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata umeme, breka hiyo ibadilishwe. Ikumbukwe kwamba kitufe hakipimi fimbo. Fimbo iliyopigwa chini ya upenu, mahali mvua isipofika, hudhoofika katika ukavu wa Januari na Februari. Afadhali ipigwe kwenye unyevu, kama vile karibu na mfongo au migomba.

Mtu asiye fundi mwenye leseni ya EWURA asifungue sanduku hata baada ya kuzima meinswichi, maana nyaya ziletazo umeme kutoka mita hubaki hai juu yake. Tena rangi si ushahidi: nyumba za zamani zina nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro, nyumba mpya zina kahawia na buluu, na zilizoongezwa vyumba zina zote nne. Kila waya upimwe kwa testa kabla ya kuguswa.

Makatibu wa vyama waangalie pia ghala. Magunia ya kahawa yasiegemezwe kwenye sanduku la breka, bali iachwe nafasi ya mtu kusimama na kulifikia akiwa na haraka. Ndani ya mfuniko ibandikwe karatasi ionyeshayo kila breka inahudumia nini na waya wake ni wa kipimo gani, pamoja na tarehe na jina la fundi, ili breka itakapobadilishwa, hata katibu akiwa safarini, iwekwe ya kipimo kile kile.