Kitafuno cha Mtoto Mdogo Kati ya Chakula na Chakula

Katika nyumba nyingi za mashamba ni desturi kula mara mbili tu kwa siku, asubuhi kabla ya kwenda kulima na jioni baada ya kurudi. Mtu mzima aweza kustahimili, lakini mtoto wa miaka miwili hawezi. Leo twapenda kueleza kwa nini hawezi, na jinsi mama awezavyo kumpa kitu cha kutafuna katikati ya mchana bila ya gharama kubwa.

Yafaa kwanza tujue kadiri ya tumbo lenyewe. Waganga hukadiri kwamba tumbo la mtoto mdogo huchukua gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 8 hushiba kwa gramu 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Na kama kikombe hicho ni cha uji mwepesi, sehemu kubwa aliyoimeza ni maji. Saa mbili zikipita hulia tena, na watu husema ni mlafi. Kumbe adai haki yake. Ndiyo sababu waganga hushauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka alishwe mara 3 au 4 kwa siku, apewe na kitafuno mara moja au mbili, na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Hatari ya jambo hili si ndogo. Mwaka 1935 mganga mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika Gold Coast, nchi ambayo siku hizi huitwa Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi. Walikuwa wameachishwa ziwa kwa sababu mdogo wao amezaliwa, wakawa wakilishwa uji wa mahindi mtupu. Jina walilolitumia wenyeji, kwashiorkor, ndilo tulitamkalo kwashakoo. Wako tena watoto wasiovimba ila hawakui. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa.

Sasa tutazame kilichopo nyumbani. Ndizi mbivu na parachichi hupondwa kwa kijiko tu. Papai, embe, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa husaidia macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Maziwa ya mgando ni mazuri, iwapo yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Dagaa wakavu husagwa unga, na kijiko kimoja hutiwa katika kiazi kilichopondwa. Katika nchi ya Bukoba wako senene, chakula ambacho wageni hukicheka mpaka wakionje.

Juu ya mayai tuna neno. Baadhi ya wazee huwakataza watoto kuyala, na mama wengi huyapeleka sokoni, kisha fedha ile hununua biskuti na soda za kumtuliza mtoto yule yule. Biashara hii ni hasara tupu. Yai moja lililochemshwa likaiva sana lina vitu vya kujenga mwili visivyopatikana katika pakiti ya biskuti. Na chai kavu huzuia damu isipate madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Mtoto mdogo asipewe.

Karanga ni chakula bora, lakini mtoto asipewe nzima, kwani humpalia na kuziba pumzi. Zikaangwe, zitwangwe ziwe laini, zipakwe juu ya ndizi au zitiwe katika uji. Zilizoota kuvu au kugeuka rangi zitupwe, wala asipewe kuku. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika chakula chao, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Iko njia nyingine, ambayo watengenezaji wa pombe waijua tangu zamani, nayo ni kimea. Ulezi hulowekwa usiku kucha, hufunikwa kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3 mpaka uchipuke, huanikwa ukauke kabisa, husuguliwa vichipukizi vitoke, kisha husagwa. Mama apike uji mzito, auache upoe kidogo uwe vuguvugu, atie kijiko kimoja cha unga huu na kukoroga. Baada ya dakika chache uji huwa mwepesi, kwani mbegu iliyochipuka huyeyusha wanga. Wala hakuna maji yaliyoongezwa. Auchemshe tena kabla ya kumpa mtoto. Hivyo kikombe kile kile huwa na chakula zaidi.

Twajua mama wengine watasema, ‘Mchana kutwa niko shambani, nani atampa?’ Mara nyingi mlezi ni dada yake mwenye miaka minane, naye pia ana njaa. Basi mama awawekee wote wawili, kila mtu katika bakuli lake lenye kifuniko, ndizi zisizomenywa au viazi vilivyochemshwa asubuhi ile. Amwonyeshe yule dada mahali jua litakapofika wakati wa kula, amfundishe kunawa mikono kwa sabuni, na kumketisha mdogo wake anapokula, asile akikimbia.