Somo la Tano: Mafuriko, Nyumba Yako na Kile Ambacho Bima Hulipa

Wenye nyumba wengi katika miji yetu hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati pale kiinua mgongo kinapotoka. Nyumba iliyojengwa hivyo haina mkopo wa benki, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumtaka mwenyewe aonyeshe hati ya bima. Hata hivyo, mara nyingi ndiyo akiba yote ya familia. Mvua za Desemba 2011 jijini Dar es Salaam ziliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawahamishia Mabwepande wakazi wengi wa mabondeni, ambako walianza upya. Somo hili linahusu mambo mawili ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyafahamu kabla ya msimu wa mvua: hatari iliyopo mahali alipojenga, na maana ya neno "mafuriko" ndani ya hati ya bima.

Kuisoma ardhi

Kiwanja huonekana kizuri mwezi Agosti, ardhi ikiwa kavu na majani yamefyekwa. Mnunuzi mwenye busara hukirudia kiwanja hichohicho mwezi Aprili, katikati ya masika. Asiyeweza kusubiri atazame alama: mstari wa tope katika ukuta wa jirani, misingi iliyoinuliwa kupita kawaida, mifuko ya mchanga iliyopangwa mlangoni, matete yanayoota mahali pasipo na bwawa. Waulize wakazi wa zamani na ofisi ya serikali ya mtaa, na uwaulize kwa mwaka: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifikisha maji wapi? Za 2011 je? Kauli ya dalali kwamba "hapa maji hayatuami" si ushahidi.

Hati miliki huonyesha ni nani mwenye haki ya kuimiliki ardhi. Haionyeshi kwamba ardhi hiyo ni salama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari na ziwa. Pima umbali huo mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Tena, hatari haikai mahali pamoja. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kupita Jangwani hadi Bahari ya Hindi. Maji yanayoingia sebuleni bondeni yaweza kuwa ni mvua iliyonyesha mbali, huku kwako kukiwa na manyunyu tu. Kila ua linalosakafiwa huko juu na kila mtaro unaozibwa kwa taka huongeza maji yanayoshuka. Ndiyo maana nyumba iliyokaa miaka ishirini bila kuguswa inaweza kufikiwa mwaka huu. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa maonyo kwa rangi: njano, chungwa na nyekundu.

Neno moja katika hati

Hapa ndipo wengi hupotea. Bima ya nyumba inayouzwa nchini kwa kawaida hujengwa juu ya bima ya moto. Mafuriko huongezwa kama hatari ya ziada, na pengine kwa ada ya ziada. Mtu anaweza kulipa ada kila mwaka kwa uaminifu, akiamini kwamba "nyumba ina bima", kumbe ukurasa wa hatari zilizokingwa unataja moto na radi tu. Mwombe wakala akuonyeshe kwa kidole mstari wenye neno mafuriko. Asipouona, kinga hiyo haipo, hata kama amekuhakikishia kwa maneno.

Neno likiwapo, soma linavyofafanuliwa, kwa sababu maji si aina moja. Maji ya mto uliovunja kingo, maji ya mvua yaliyojaa mtaani baada ya mtaro kuziba, mawimbi ya bahari, bomba lililopasuka jikoni, na unyevu unaopanda ukutani mwezi baada ya mwezi: kwa mwenye nyumba yote haya ni maji ndani ya nyumba, lakini hati huyatenganisha. Unyevu wa polepole kwa kawaida haulipwi kabisa, kwani huhesabiwa kuwa uchakavu. Ukuta wa uzio na geti mara nyingi huachwa nje ya kinga ya mafuriko isipokuwa vimetajwa. Na mto ukimong'oa ukingo na kuondoka na nusu ya kiwanja, ardhi iliyokwenda hailipwi: bima ya nyumba hukinga jengo, si udongo.

Vitu vya ndani navyo, yaani jokofu, magodoro na samani, huhitaji kutajwa kwa thamani yake. Mpangaji aelewe kwamba bima ya mwenye nyumba haigusi mali ya mpangaji.

Thamani ya kuandikisha

Andikisha gharama ya kuijenga upya nyumba kwa bei za leo za saruji, nondo na fundi, bila kuhesabu thamani ya kiwanja. Wapo wanaopunguza kiasi hicho ili walipe ada ndogo. Tuchukue mfano. Kuijenga nyumba upya ni shilingi 80,000,000, nawe umeandikisha 40,000,000. Mafuriko yakaleta hasara ya 20,000,000. Utadhani utalipwa zote, kwa kuwa hazifiki 40,000,000. Lakini hati nyingi zina kanuni ya uwiano: kwa kuwa uliandikisha nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara, yaani 10,000,000. Kisha hupunguzwa kile kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Uliza kiasi hicho ni kipi kabla ya kutia saini. Kwa mafuriko huweza kuwa kikubwa kuliko kwa moto.

Fomu ya maombi itakuuliza kama nyumba imewahi kuingia maji. Jibu kweli, japo ada itapanda au kampuni itakataa. Anayeficha huweza kulipa ada kwa miaka na kunyimwa fidia siku anapoihitaji. Usisubiri pia onyo la rangi nyekundu ndipo ukimbilie kwa wakala: kampuni ina haki ya kukagua kwanza, na kinga haianzi kabla ya ada kulipwa.

Maji yakiingia

Okoa watu kwanza, na zima umeme pale tu unapoweza kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji. Maji yakipungua, piga picha za kila chumba kabla ya kusafisha, pamoja na alama ya kimo cha maji ukutani. Toa taarifa kwa kampuni mara moja, kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa katika hati. Usitupe vitu vilivyoharibika kabla mkadiria hasara hajaviona. Kama vinaoza, vipige picha na uombe ruhusa kwanza. Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nakala ya hati isiwe kabatini peke yake. Ipige picha, uihifadhi kwenye simu, na umtumie ndugu anayeishi mtaa mwingine.