Tezi ya Shingo: Kabla ya Kukubali Kisu

Mtu anakula vizuri lakini anakonda. Mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga kisahani. Jasho linamtoka usiku wa baridi, hasira zake zimekuwa za karibu, na moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Mtaani wameshampa majibu kabla ya daktari: huyu ana UKIMWI, yule karogwa. Anapimwa damu, kumbe ni tezi.

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambayo imeshavuka hapo. Ugonjwa umejulikana, dawa zimejaribiwa, na sasa daktari ametaja upasuaji. Mgonjwa anaogopa, mama yake hataki kusikia habari za kisu shingoni, shangazi anajua mtu aliyepona kwa mizizi. Kaeni kwanza.

Rovu hili si lile la bibi

Tezi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani. Wazee wa nyanda za juu walilijua rovu linaloletwa na ukosefu wa madini joto, na ndiyo maana chumvi ya dukani huongezwa madini hayo. Ugonjwa tunaouzungumzia una chanzo kingine. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaigeukia tezi na kuichochea ifanye kazi usiku na mchana bila kupumzika. Hospitalini wanauita ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Kwa baadhi ya wagonjwa kinga hiyohiyo hushambulia nyama za nyuma ya macho, macho yakavimba na kutokeza.

Kwa hiyo, kuacha chumvi hakutaponya kitu. Ila mwani, na vinywaji vya mwani vinavyouzwa kama vya kuongeza nguvu, viacheni: vina madini joto mengi kupita kiasi kwa tezi iliyokwisha kuchacharika.

Njia nyingine mbili

Wengi huanza na vidonge vya kutuliza tezi, hasa kabimazoli, kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vinasaidia sana, lakini karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia baada ya kuviacha. Vina hatari moja ambayo haitokei mara nyingi, ila kila aliye nyumbani anapaswa kuijua. Mgonjwa akipata homa na koo kuuma, asimeze kidonge kinachofuata mpaka apimwe chembe nyeupe za damu, siku hiyohiyo. Mwambieni mhudumu anatumia dawa gani, msije mkapewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani.

Ya pili ni madini joto yenye mionzi, ambayo mgonjwa huyameza, nayo huichoma tezi polepole kutokea ndani. Hutolewa katika hospitali chache kubwa. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi, na mwanamke akishapewa husubiri angalau miezi 6 kabla ya kubeba mimba. Macho yaliyokwisha kuathirika huweza kuzidi, hasa kwa mvuta sigara.

Upasuaji hupata nguvu pale rovu linapobana njia ya hewa au chakula, panapokuwa na uvimbe unaotiliwa shaka ya saratani, dawa zinapomdhuru mgonjwa, macho yanapokuwa yameathirika sana, au mwanamke anapotaka mtoto bila kungoja muda mrefu. Mjamzito akilazimika kupasuliwa, madaktari hupendelea miezi ya katikati ya mimba.

Mnachobadilishana

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Watu hubishana kuhusu kisu, wakasahau kidonge. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Lakini tezi ikiondolewa yote, mwili hauna tena pa kutengenezea homoni hiyo, na mgonjwa atameza kidonge cha levothairoksini kila siku ya maisha yake. Aliyemeza mionzi naye kwa kawaida huishia kwenye kidonge hichohicho.

Mnaondoa ugonjwa usiotabirika, mnachukua deni dogo la kila asubuhi. Kwa maoni yangu, kwa wengi ni biashara nzuri, lakini kwa sharti kwamba deni litalipwa. Daktari Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alieleza mwaka 1883 yaliyowapata wagonjwa aliowaondolea tezi yote: walivimba, wakawa wazito wa mwili na wa akili. Wakati ule kidonge hakikuwapo. Leo kipo, kwa hiyo swali la kwanza la kikao cha familia liwe hili: duka la dawa lililo karibu nasi linacho? Bei yake kwa mwezi ni kiasi gani, na bima yetu inakilipia?

Mtu atauliza kama haiwezekani kuacha kipande cha tezi ili kukwepa kidonge. Inawezekana, lakini kipande hicho kinaweza kuchachamaa tena, kwa sababu kisu hakiiondoi kinga iliyopotoka. Kwa sababu hiyohiyo msitegemee macho yarudi yalivyokuwa mara baada ya oparesheni.

Maswali ya kumuuliza mpasuaji

Muulizeni bila haya: "Daktari, wewe mwenyewe unafanya oparesheni hii mara ngapi kwa mwaka?" Hakuna utovu wa adabu hapo. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa madhara hupungua kwa wapasuaji wanaofanya zaidi ya 25 kwa mwaka. Nyuma ya tezi hupita mishipa miwili ya fahamu inayoendesha sauti. Ukijeruhiwa mmoja, sauti hukwaruza. Mikononi mwa wazoefu, mkwaruzo wa kudumu humpata kama mtu 1 kati ya 100. Mwalimu, muuza sokoni na mwimbaji wa kwaya walipime hilo mapema. Hapohapo nyuma kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Vikiguswa, kalsiamu hushuka. Kwa wengi hali hiyo hupita baada ya wiki chache; wachache hubaki na vidonge vya kalsiamu na vitamini D maisha yote.

Mkishapewa tarehe

Msiache dawa. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaosema, "Si naenda kukatwa, vidonge vya nini tena?" Kumpasua mtu ambaye homoni zake bado ziko juu kunaweza kuwasha moto mwilini: homa kali, moyo kukimbia ovyo, kuchanganyikiwa, hata kifo. Ndiyo maana tezi hutulizwa kwanza, moyo ukapunguzwa kasi kwa propranololi, na kwa siku kama 10 za mwisho mgonjwa hupewa matone ya madini joto yaitwayo Lugol. Tarehe ikiahirishwa kwa sababu homoni hazijashuka, msikasirike na hospitali.

Baada ya oparesheni, saa 24 za kwanza ndizo za kukesha macho wazi. Shingo ikivimba, bandeji ikibana au pumzi ikiwa nzito, muiteni muuguzi palepale, msingoje zamu ya asubuhi. Siku zinazofuata, midomo na ncha za vidole zikifa ganzi au kuchomachoma, au mikono ikikakamaa, kalsiamu imeshuka: rudini hospitali.

Kidonge na chai

Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa ndiyo adui wake mkubwa katika nyumba zetu. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vikae mbali nacho kwa saa 4. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa anaweza kukimeza kabla ya daku, au wakati wa kulala, saa tatu au nne baada ya futari. Apange hilo na kliniki. Kisiwekwe dirishani wala karibu na jiko, kwa kuwa joto hukiharibu.

Akisahau siku moja hatahisi kitu, maana dawa hukaa mwilini siku nyingi, na hapo ndipo uzembe unapoanzia. Wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, damu ipimwe ili dozi irekebishwe. Na mwanamke anayekitumia akihisi ana mimba, asingoje kliniki ya wajawazito ya mwezi ujao: aende wiki hiyohiyo dozi iongezwe, kwani mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo.